Taa zimebadilika, fundo la dagaa limehama

Tangi la karabai, ile taa ya presha, hubeba mafuta ya taa kama lita moja, na lita hiyo huwaka takriban saa nane. Usiku wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa ikweta haiko mbali, ni wa saa kumi na mbili karibu mwaka mzima. Mvuvi wa dagaa aliyewasha taa saa moja jioni alikuwa na njia mbili: azime kabla ya alfajiri, au abebe kidumu cha akiba na kujaza tangi katikati ya ziwa, mtumbwi unayumba na taa bado ya moto. Zidisha kwa karabai sita, ongeza soksi za taa zinazokatika kila wimbi likipiga ubavu na vioo vinavyopasuka kwa tone moja la maji baridi, utaelewa kwa nini hesabu ya kwanza asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inapotua, haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya mafuta.

Kwa sehemu kubwa hesabu hiyo imekufa. Imeuliwa na taa ya LED na betri, huku simu ya mkononi ikivuruga hesabu nyingine zote zilizokuwa zimeizunguka: nani anajua bei, nani analipwa lini, nani anadaiwa na nani. Watu wakizungumzia teknolojia inayopindua shughuli kubwa hutaja teksi za mjini na mabenki. Dagaa wa Kigoma wanafundisha zaidi, kwa sababu kamba yao ni ndefu na ina mikono mingi: tajiri mwenye mitumbwi, nahodha, wavuvi, wachukuzi, akina mama waanikaji, mnunuzi wa jumla, msafirishaji, mwenye duka wa Dar es Salaam. Ukilegeza fundo moja kwenye kamba ya namna hiyo, mzigo huegemea fundo linalofuata. Makala hii inafuata fundo hilo linavyohama, kuanzia majini hadi kwenye gunia.

Mwanga

Dagaa wa Tanganyika ni wa aina mbili, na wote hufuata chakula chao: vijidudu vya majini vinavyoshuka kilindini mchana na kupanda juu usiku. Taa huvikusanya vijidudu hivyo na dagaa pamoja navyo, kisha migebuka huja nyuma ya dagaa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi hupoteza mvuto, ndiyo maana kambi hupumzika siku za mbalamwezi na kufanya kazi siku za giza. Wazee walitumia mienge ya kuni na lusenga, wavu wa kuchotea. Karabai ilikuja katikati ya karne ya 20 na kuwezesha wavu mkubwa unaoinuliwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa miti. Wavu na mitumbwi yake kwa pamoja watu wa mwambao huviita kipe.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwabana wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Waliolengwa walikuwa kwenye vituo vya mafuta. Aliyeumia ni kila aliyewasha taa kwa mafuta hayo, mvuvi akiwemo. Wakati huohuo bei ya LED ilikuwa ikiporomoka duniani. (Wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa LED ya bluu, ambayo ndiyo iliyowezesha ile nyeupe.) Kodi haikupangwa kwa ajili ya ziwa wala LED haikubuniwa kwa ajili ya dagaa, lakini vilipokutana, karabai ilikosa mtetezi.

Hesabu ya mfumo wa taa inafaa kufanywa kabla ya kuingia dukani. Taa sita za wati 10 ni wati 60. Zikiwaka saa kumi zinakula wati-saa 600. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea-saa 50. Betri ya asidi haipendi kunyonywa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya ampea-saa 100, ile mafundi wanayoiita N100. Kuirudisha mchana, hesabu upotevu wa karibu robo njiani: wati-saa 800 za paneli. Jua zuri la kiangazi hutoa kama saa tano za nguvu kamili, basi paneli ya wati 160 inatosha.

Inatosha kiangazi. Masika, mawingu yakipunguza saa tano kuwa tatu na nusu, paneli hiyohiyo inarudisha wati-saa 420 tu huku usiku ukila 600. Betri iliyoanza imejaa inashuka hadi nusu usiku wa kwanza, inapanda asilimia 85 mchana, inashuka hadi 35 usiku wa pili, inapanda 70, na usiku wa tatu inafika 20. Hapo ndipo utasikia mwaloni kwamba "betri za siku hizi ni feki". Feki zipo, lakini nyingi zimekufa kwa njaa. Dawa ni paneli ya pili kwa miezi ya mvua, au kuzima taa mbili kati ya sita. Kubadili duka hakusaidii.

Makosa mengine hujirudia kila mwalo. La kwanza ni betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na mabamba yake membamba huchoka haraka ukiinyonya polepole usiku kucha. Tena mtumbwi ukiyumba, asidi humwagika. Iliyofungwa kabisa, ya jeli, ni ghali zaidi lakini haimwagi. Betri ya lithiamu ya fosfeti unaweza kuinyonya hadi asilimia 85 hivi, kwa hiyo ya ampea-saa 60 inafanya kazi ya N100 kwa uzito mdogo sana. Ila kontrola, kile kidhibiti cha chaji, lazima iwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu, na betri yenyewe ina tabia moja ya kuzoea. Betri ya asidi ikikaribia kuisha, taa hufifia na kukuonya. Ya lithiamu hujikata ghafla, giza totoro, wavu ukiwa majini.

La pili ni waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita nane, kwenda na kurudi ni mita 16, ukipitisha ampea tano hupoteza karibu volti moja njiani. Kati ya volti 12 hiyo ni nyingi: taa zinafifia na fundi anailaumu betri. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza theluthi moja tu ya volti. Bei yake iko juu, na ndio unaokatwa kwanza tajiri akibana matumizi. Fyuzi ya ampea 10 iwe karibu na ncha chanya ya betri, siyo upande wa taa, maana waya ukichunika kwenye mbao na kugusana kabla ya kufika kwenye fyuzi hakuna kitakachozuia moto. Ncha zipakwe grisi.

La tatu ni bidii iliyopotoka. Ili maji yasiingie, watu huifungia taa ndani ya chupa au kopo la plastiki na kuliziba kwa silikoni. Maji kweli hayaingii. Joto nalo halitoki, na kinachoungua si kile kidoa cha LED bali draiva, ile sakiti ya kuilisha umeme iliyo nyuma yake. Taa ya LED ipumue mgongoni. Bati la alumini liguse hewa, kioo cha mbele ndicho kizibwe. Na redio ikianza kukoroma kila ukiwasha taa, jua umeuziwa draiva ya bei poa: inavuja kelele za umeme na haitafika mbali.

Kuna jambo moja ambalo karabai ililifanya bila mtu kuliwaza. Kabla ya kuinua wavu, nahodha alipunguza presha taratibu, mwanga ukafifia, na dagaa wakabana pamoja chini ya taa ya mwisho, juu ya wavu. Swichi ya LED inajua kuwaka na kuzima tu. Ukizima zote kwa mpigo dagaa hutawanyika kabla kamba hazijakazwa, na mavuno ya saa nzima yanapotea kwa sekunde mbili. Basi zima moja moja kuanzia za nje, ukiacha dakika kadhaa kati ya moja na nyingine, au funga dima, swichi ya kupunguza mwanga, kwenye taa ya katikati. Kambi nyingine zilibaki na karabai moja kwa kazi hii tu, na si ujinga.

Nani alikula akiba ya mafuta

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Enzi za karabai, mafuta yalikuwa gharama ya usiku: yalikatwa kwenye mauzo pamoja na chakula kabla ya mgao, kwa hiyo tajiri na wavuvi waliyalipa wote. Betri na paneli ni mtaji. Hununuliwa mara moja na mtu mmoja, na ni mali yake hata msimu ukiisha. Gharama imehama kutoka daftari la usiku kwenda mfukoni mwa tajiri, naye ana haki ya kuirudisha. Jinsi anavyoirudisha hutofautiana kambi hadi kambi: yupo anayekata "hela ya taa" kila usiku, yupo aliyejiongezea fungu, yupo anayewakodisha wavuvi betri kama zilivyokodishwa karabai. Kasoro iko kwenye makato yasiyo na mwisho. Betri ikishajilipa kwa miezi minane na makato yakaendelea mwezi wa kumi na tatu, wavuvi wanalipia mafuta ambayo hayapo. Mapatano ya awali yaandikwe: bei ya vifaa, kiasi cha kukata kwa usiku, na tarehe ya kukoma.

Halafu mashindano. Karabai ya saba ilimaanisha lita ya saba, kila usiku, kwa hiyo mafuta yenyewe yaliweka breki. Taa ya LED ya saba ni wati 10 zaidi. Jirani akiongeza mbili, nawe unaongeza mbili usiachwe gizani, na mwisho wa yote kila kipe kina mwanga zaidi huku samaki ni walewale. Tena si walewale. Maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, na maji yenye joto huelea juu ya yale baridi bila kuchanganyika vizuri, kwa hiyo rutuba iliyolala kilindini haipandi kulisha vijidudu ambavyo dagaa huvifuata. Kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470 kilindi ni ghala kubwa sana la kufungiwa nje. Mwaka 2024, nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulifunga kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Taa iliyopunguza gharama ya kuvua samaki mmoja haikuongeza samaki hata mmoja, na mwenye deni la betri alilazimika kupita miezi hiyo mitatu bila usiku wa kulilipia.

Simu majini

Upande wa Kigoma ziwa lina upana wa kilomita hamsini hivi tu, na kipe kikienda mbali na ufuko simu huweza kunasa mnara wa Kongo au Burundi. Salio linaliwa, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni saa. Mashariki mwa Kongo na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijirekebishe saa yenyewe, ikinasa mnara wa ng'ambo, inarudi nyuma saa nzima bila kusema kitu. Kengele ya saa tisa usiku inalia saa kumi ya Tanzania, na aliyepanga kuinua wavu wa mwisho na kuwahi mnada anakuta wenzake wameshauza. Zima urekebishaji wa saa, chagua mtandao kwa mkono, zima data za nje. Ni dakika tatu ufukoni.

Kwa kazi hii simu ya kitochi inaishinda simujanja kwa chaji na kwa kustahimili maji, lakini simujanja ina GPS, na GPS haihitaji mnara wala bando, mradi ramani imepakuliwa mapema. Weka alama ya mwalo kabla ya kuondoka na ya kila sehemu uliyopata samaki. Simu yenye maji ndani ya soketi ya chaji isichajiwe mpaka ikauke. Maji na umeme vikikutana hula ile ncha. Majini simu ifungwe kwenye mfuko wa plastiki mzito, na hewa kidogo ibaki ndani ili ielee.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa maziwa makuu, na kwa simu unafika hadi vijiji vya ufukoni kama Kalya na Mwamgongo. Utasoma upepo na urefu wa mawimbi kwa eneo kubwa. Dhoruba fupi inayoshuka kutoka milimani baada ya jua kuzama haimo. Nahodha anayesoma mawingu juu ya milima hajapoteza kazi.

Taa nyeupe kali huonekana kutoka mbali, pia kwa wasiotakiwa. Wizi wa injini majini ni kero ya miaka mingi katika ziwa hili. Vipe kadhaa vikikaa kwa kuonana, huku simu moja katika kila kipe ikiachwa na chaji kwa dharura, wezi hupata kazi ngumu zaidi.

Bei, na kamba ya deni

Mfano unaotajwa sana duniani kuhusu simu na samaki ni wa Kerala, kusini mwa India. Kati ya 1997 na 2001 minara ya simu ilijengwa kando ya pwani ile, na mchumi Robert Jensen akapima kilichotokea kwa dagaa wao wabichi. Kabla ya simu, asilimia 5 hadi 8 ya samaki walimwagwa kwa kukosa mnunuzi, wakati maili chache mbele wanunuzi walirudi mikono mitupu. Simu zilipofika, umwagaji huo ulikwisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei ya mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Wengi huuchukua mfano huo mzima mzima na kuupachika Kigoma, nao haukai. Boti ya Kerala ilipiga simu ikiwa bado baharini na kuchagua bandari ya kuuzia alfajiri ileile. Kipe cha Kigoma kinarudi kwenye mwalo wake, mara nyingi kwa mtu aliyekikopesha nyavu, betri au chakula cha siku za mbalamwezi. Mkopo huo haubebi riba ya kuandikwa. Riba yake ni kwamba samaki ni wa mkopeshaji, kwa bei ya mkopeshaji. Chukua mialo miwili ya Kigoma, Kibirizi na Katonga: nahodha anajua kwa simu kwamba Kibirizi leo bei iko juu kuliko anayopewa Katonga. Anajua, na anauza Katonga. Kujua bei kunamsaidia aliye huru kuondoka, kwa hiyo mwaloni aliyenufaika mapema zaidi na simu alikuwa mnunuzi wa jumla, anayeulizia Dar es Salaam, Tabora na Lubumbashi kabla ya kutaja bei yake.

Palipobadilika kwa wavuvi na waanikaji ni kwenye malipo. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, Tigo Pesa (leo Mixx by Yas) ikafuata 2010, na kuanzia 2014 mitandao ikaanza kutumiana pesa. Mwanikaji wa Katonga anaweza kupokea kianzio cha mzigo kutoka kwa mteja wa Dar ambaye hajawahi kumwona, akanunua ndoo za asubuhi kwa hela taslimu, na asimguse mkopeshaji wa mwaloni. Hiki kitu kidogo kimelegeza kamba ya deni kuliko taarifa za bei zilivyolegeza.

Lakini hela ya simu ina bwawa lake, na bwawa hilo ni floti ya wakala, yaani salio lake la simuni. Siku za giza, kambi zote hushuka asubuhi ileile, zote zinataka taslimu kabla ya saa tatu. Wakala aliyepokea pesa nyingi simuni na kutoa noti zote amebaki na floti kubwa na droo tupu. Siku za mbalamwezi mambo hugeuka: watu wanaweka vijisenti, droo imejaa, floti imeisha. Wakala wa mwaloni anayefuata kalenda ya mwezi hulala na taslimu nyingi mwezi unapoanza kuchelewa kutoka, na hugeuza nusu yake kuwa floti unapokaribia kupevuka. Anayefuata kalenda ya mishahara ya mjini humkosesha mtu hela mara mbili kwa mwezi.

Na utapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa mzaha mjini, lakini mwaloni bado unanasa watu kwa sababu pale kweli kuna mtu anasubiri hela kila asubuhi. Usitume kwa maagizo ya ujumbe; piga namba unayoijua, sikia sauti. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini, maana tarakimu moja ikikosewa hela inaenda kwa mtu mwingine aliyesajiliwa vizuri tu. Ikitokea, piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, maana muamala unaweza kuzuiliwa ikiwa aliyepokea hajatoa. Aliyepigia wakala kwanza amepoteza dakika ambazo hakuwa nazo.

Kichanja

Sasa tufike pale fundo lilipoishia. Taa zimeleta samaki, simu imeleta mteja na kianzio. Dagaa kilo 400 wako mchangani saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna programu ya kuwakausha.

Dagaa mbichi ni maji kwa takriban asilimia 75. Mkavu wa kuhifadhika anatakiwa abaki na asilimia 12 au 13. Kwa hiyo kilo tatu na nusu mbichi hutoa kilo moja kavu, na kilo 400 zitatoa kama kilo 115 tu, mradi zote zimekauka. Wakitandazwa safu moja bila kulaliana, mita moja ya mraba hubeba kama kilo nne. Kilo 400 zinataka mita 100 za mraba. Kichanja, yaani uchaga wa kuanikia, cha upana wa mita 1.2 (mkono ufike katikati kutoka kila upande) na urefu wa mita 10 hubeba kilo 48. Unahitaji vichanja vinane na kidogo. Mwenye vichanja vitatu anayenunua kilo 400 kwa kuwa kianzio kimeingia simuni atafanya moja kati ya mawili: atalundika safu tatu kwenye vichanja, wa juu wakauke na wa chini wachemke na kuvunda, au atamwaga waliobaki mchangani.

Mchanga hukausha haraka, kwa kuwa uko moto chini na jua juu. Ndiyo maana haujafa. Lakini dagaa wa mchanga huuzwa na mchanga wake, na mpishi anaufahamu kwa jino la kwanza. Kichanja kiwe juu ya ardhi kama mita moja, ili hewa ipite chini na kuku wasifike. Juu yake wavu wa waya, halafu wavu mwembamba wa plastiki, maana waya mtupu hushika kutu na kuacha alama. Dagaa wageuzwe baada ya saa mbili za kwanza, kabla hawajagandia. Jua zuri humaliza kazi kwa siku moja. Mvua ya alasiri ikiwakuta nusu, wafunikwe kwa turubai lililoinuliwa. Turubai likiwalalia moja kwa moja, jasho lao wenyewe litawaozesha usiku kucha.

Hapa utabiri wa simu una faida kubwa kuliko majini. Mwanikaji anayesoma jioni kwamba kesho kuna mvua anaweza kununua ndoo chache, au kutia chumvi, au kuchoma na kukaanga wasiokauka. Aliyeshatumiwa kianzio cha gunia kumi hana uhuru huo, na hapo ndipo teknolojia mbili zinapovutana: hela ya simu inamsukuma anunue, wingu linamwambia asinunue.

Mzani

Dagaa waliuzwa kwa debe, ndoo na sado, na kila kipimo kilikuwa na ufundi wake wa kujaza: kilele, mtikiso, kidole kwenye ukingo. Mzani wa kidijitali ulipoingia ulionekana kumaliza ubishi. Ulimaliza ule wa ukingo wa ndoo. Mzani uliolalia upande, uliowekwa juu ya mchanga, au wenye betri iliyoishiwa huonyesha namba nzuri yenye tarakimu mbili baada ya nukta, na namba hiyo ni ya uongo. Uwekwe juu ya ubao imara, uoneshe sifuri ukiwa mtupu, upimwe kwa kitu unachojua uzito wake, kwa mfano pakiti mbili za sukari za kilo moja ambazo hazijafunguliwa, na uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Ubishi mpya ni maji. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 25 lina dagaa halisi kilo 75. Likikauka hadi asilimia 12 litabaki kilo 85 na kidogo. Kilo karibu 15 zilizouzwa zilikuwa maji ya ziwa. Kwa ndoo, dagaa mbichimbichi hakuwa na faida kubwa kwa muuzaji, kwa sababu ndoo hupima nafasi. Kwa kilo, anayekausha vizuri anaadhibiwa na anayeharakisha anazawadiwa, mpaka gunia lifike Dar likiwa na ukungu na simu ya mteja iache kupokelewa. Vile vipima unyevu vya mahindi havisomi dagaa. Kipimo kinachofanya kazi bado ni kidole: mkavu akikunjwa huvunjika kwa mlio, asiyekauka hupinda kama ngozi. Vunja kumi kutoka katikati ya gunia, siyo mdomoni, wakavu huwekwa mdomoni. Wakipinda zaidi ya wawili, bei ya kilo izungumzwe upya au mzigo urudi kichanjani siku moja.

Kinachobaki ni daftari, la karatasi au la simu, na mistari yake ni michache. Kwa usiku: taa ngapi, saa ngapi, volti za betri kabla na baada, kilo mbichi. Kwa mchana: kilo zilizoanikwa, vichanja vingapi, kilo kavu zilizotoka. Kilo mbichi ukizigawanya kwa kavu na kupata 3.5, umekausha, ukipata 2.8, unauza maji na mteja atakuja kujua. Volti zipimwe kwa multimita saa mbili baada ya kuzima taa au kuchomoa chaji: betri ya asidi iliyojaa husoma 12.7, iliyofika nusu 12.1, na 11.8 ni tupu. Ile ambayo baada ya siku nzima ya jua kali bado inasoma 12.3 isipande mtumbwi jioni hiyo, hata kama taa zake zinawaka vizuri ufukoni.